Kabla Mto Haujafika: Utafiti Unasema Nini Kuhusu Kuwaandaa Wauguzi kwa Maafa

Hotuba hii ilitolewa mjini Hola na muuguzi mwandamizi wa Idara ya Afya ya Kaunti ya Tana River, katika maadhimisho ya Siku ya Wauguzi Duniani. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimeombwa nizungumzie utafiti unaofanywa duniani kuhusu namna ya kuwaandaa wauguzi kwa maafa na dharura za afya ya umma. Kwa kawaida mada hii huzungumzwa ukumbini, wauguzi kwa wauguzi, na chai ya saa nne katikati. Nilipoambiwa kwamba safari hii nitazungumza mbele ya wananchi nilifurahi, kwa sababu mengi ambayo watafiti wameyagundua hayawezi kutekelezwa na muuguzi peke yake. Yanamhitaji jirani yake, mwenye mtumbwi, chifu, na mfugaji ambaye ameona mbuzi wake wameanza kutupa mimba.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wa 1997 nilikuwa muuguzi mchanga, sijamaliza hata mwaka mmoja tangu nitoke chuoni, nikihudumu katika zahanati moja kando ya mto. Mvua za El Niño zilipokolea, maji yalipanda kuliko wazee walivyowahi kuona. Siku yalipoingia uani tulikuwa na asubuhi moja tu ya kuhama. Nilibeba kisanduku cha baridi cha chanjo. Nikabeba dawa za malaria, bendeji, taa ya karabai, hata mizani ya kupimia watoto. Nilijiona hodari kweli kweli.

Tulipofika kwenye mwinuko ambako watu walikuwa wamepiga kambi, jioni mzee mmoja alinijia akaniuliza, “Binti yangu, dawa yangu ya kifua iko wapi?” Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Daftari la wagonjwa wa kifua kikuu lilikuwa limebaki kabatini pamoja na tembe zao. Jina la kila mgonjwa, kijiji chake, mwezi wake wa matibabu, dawa anazotumia, yote yalikuwa chini ya maji. Nilikaa wiki kadhaa nikizunguka hema kwa hema nikiuliza nani alikuwa akija zahanati kunywa dawa. Siku zile hilo lilikuwa swali ambalo mtu hakutaka kulijibu mbele ya majirani. Baadhi yao niliwapata. Wengine sikuwapata tena, na mtu akikatiza dawa za kifua kikuu njiani, ugonjwa unaorudi huwa mkali zaidi na huenea kwa wengine hemani.

Sikuwa mvivu wala mwoga. Chuoni nilikuwa nimefunzwa kudunga sindano, kuzalisha, kufunga jeraha. Lakini hakuna siku hata moja mwalimu aliyetuuliza: ukiwa na asubuhi moja na mikono miwili, utabeba nini kwanza?

Swali la namna hiyo ndilo ambalo watafiti wa uuguzi wa maafa wamekuwa wakilifuatilia. Japani walianza mapema. Tetemeko la ardhi lilipoupiga mji wa Kobe tarehe 17 Januari 1995, watu zaidi ya 6,000 walikufa, na kufikia mwaka wa 1998 wauguzi wa nchi ile walikuwa wameunda chama chao cha kitaalamu cha uuguzi wa maafa. Mwaka wa 2009 Baraza la Kimataifa la Wauguzi na Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wa ujuzi ambao kila muuguzi anapaswa kuwa nao wakati wa maafa. Mwongozo huo ulifanyiwa marekebisho mwaka wa 2019 na sasa una maeneo manane, kuanzia maandalizi hadi sheria na maadili. Msiwe na wasiwasi, sitayasoma yote. Nitarudi kwa moja tu, nalo ni la kwanza.

Sasa, utayari wa muuguzi unapimwaje? Njia iliyo rahisi ni kumuuliza mwenyewe. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, walitunga dodoso linalomtaka muuguzi aseme anajua kiasi gani kuhusu kupanga majeruhi kwa uzito wa hali zao, kumtenga mgonjwa wa kuambukiza, kutoa taarifa na kadhalika. Madodoso ya aina hiyo yametumika katika nchi nyingi. Mwaka wa 2018 kundi la watafiti lilichapisha uchambuzi wa tafiti 17 kuhusu utayari wa wauguzi, na jibu lilikuwa lile lile karibu kila mahali: wauguzi hawajaandaliwa vya kutosha, na hawajiamini kwamba wataweza kazi siku ya maafa. Waliokuwa afadhali ni wale waliowahi kupitia maafa au waliowahi kupewa mafunzo yake.

Najua mtasema, hili nalo lilihitaji msomi? Hata mimi nilisema hivyo nilipolisoma mara ya kwanza. Tena nina shaka na madodoso haya. Yanapima namna mtu anavyojiona. Mwaka ule wa 1997, asubuhi ile nilipokuwa nikifunga mizani ya watoto kwa kamba, kama mtu angenipa dodoso ningejaza kwamba niko tayari kabisa.

Kwa hivyo mimi huvutiwa zaidi na tafiti zinazotazama mikono. Kuna moja ningependa kila mmoja wenu aijue. Ilichapishwa mwaka wa 2015, na ilifanywa katika hospitali nne za eneo la Cleveland, Marekani. Wahudumu wa afya walivaa glavu na gauni za kujikinga, zikapakwa losheni ambayo huwezi kuiona kwa macho mpaka umulike kwa taa maalumu. Kisha wakaambiwa wavue jinsi wanavyovua siku zote. Walifanya hivyo mara 435. Taa ilipomulikwa, katika mara 200 ile losheni ilikuwa imefika kwenye ngozi au nguo zao. Hao walikuwa wahudumu waliozoea kazi, ndani ya hospitali zenye kila kitu, na bado karibu nusu ya mara zote walijipaka kile walichokuwa wakijikinga nacho.

Halafu watafiti wakafanya jambo ambalo halikugharimu fedha nyingi. Waliwafundisha wahudumu namna ya kuvua, wakawapa nafasi ya kujaribu, na kila mmoja akaonyeshwa papo hapo doa lake mwenyewe. Kabla ya mafunzo hayo walikuwa wakijichafua mara 60 katika kila 100. Baada yake ikawa mara 19 hivi. Walipopimwa tena mwezi mmoja na miezi mitatu baadaye, faida ilikuwa bado ipo.

Sisi hapa hatuna taa hiyo. Katika mafunzo madogo tuliyoyafanya tulichanganya mafuta ya kupikia na masizi ya sufuria, tukawapaka wenzetu kwenye glavu. Mmoja wao ana zaidi ya miaka 20 kazini na aliwahi hata kuwafundisha wengine. Alivua akizungumza, akituonyesha hatua moja baada ya nyingine. Alipopewa kioo alijikuta ana masharubu meusi. Tulicheka sana, naye alicheka, kisha akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akikumbuka siku za Korona, na mara ngapi alivua hivyo hivyo halafu akaenda nyumbani kuwabeba wajukuu.

Hili si jambo la kuchekesha panapokuwa na ugonjwa unaoua. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilichunguza maambukizi ya wahudumu wa afya katika nchi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Lilikuta kwamba mhudumu wa afya alikuwa katika hatari ya kuambukizwa mara 21 hadi 32 kuliko mtu mzima mwingine yeyote, kulingana na kazi yake. Zaidi ya nusu ya wahudumu walioambukizwa walikuwa wauguzi na wasaidizi wao.

Na karibu nasi, nchini Uganda, mwaka wa 2000 Ebola ilizuka Gulu. Watu 425 waliugua na 224 wakafa. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor ndiye aliyetambua mapema kwamba vifo vya wanafunzi wa uuguzi havikuwa vya kawaida, akapanga wodi ya kuwatenga wagonjwa na sheria za kujikinga ambazo mpaka leo zinasifiwa. Usiku mmoja aliamshwa kwa ajili ya muuguzi wake mwenyewe aliyekuwa akitokwa na damu. Kwa masimulizi ya wenzake, alivaa barakoa, gauni na glavu, lakini hakuvaa miwani. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mtu aliyeandika sheria hizo aliponzwa na haraka ya usiku mmoja. Ndiyo sababu nikisikia kwamba kituo fulani “kilifunzwa 2019” huwa nauliza: tangu hapo wamefanya zoezi mara ngapi? Ujuzi wa mikono huchakaa. Hata ule wa kufufua mtu ambaye moyo wake umesimama, tafiti nyingi zinaonyesha huanza kupungua ndani ya miezi michache usipotumika.

Sasa nije kwenye sehemu inayowahusu ninyi moja kwa moja. Kuna utafiti wa New York uliochapishwa mwaka wa 2005, ukawahusisha wahudumu wa afya zaidi ya 6,000 katika vituo 47. Watafiti waliuliza maswali mawili tofauti. La kwanza: likitokea janga fulani, utaweza kufika kazini? La pili: utakuwa radhi kufika? Maswali haya yanafanana, lakini majibu yake hayakufanana hata kidogo.

Kukiwa na ajali yenye majeruhi wengi, zaidi ya 80 katika kila 100 walisema wataweza na watakuwa radhi. Kukiwa na dhoruba ya theluji, wengi walikuwa radhi lakini nusu hivi walisema hawataweza kufika. Na kukiwa na ugonjwa wa kuambukiza wa aina ya SARS, chini ya nusu walikuwa radhi. Walipoulizwa kwa nini, wale wasioweza walitaja usafiri, watoto wasio na wa kuwaangalia, na wazazi wazee. Wale wasio radhi walitaja hofu, na kilichotangulia kwao kilikuwa hofu kwa ajili ya familia zao.

Sisi hatuna theluji. Lakini tuna mto. Novemba 2023 barabara ya Garissa ilikatika upande wa Madogo, na ile ya kwenda Lamu ikakatika karibu na Gamba. Aprili 2024 mashua ilipinduka pale Madogo na kuua watu waliokuwa wakijaribu tu kuvuka mahali ambapo siku nyingine wangepita kwa matatu. Sasa mchukueni muuguzi wa zahanati yenu. Labda anakaa ng’ambo ya pili. Labda ana mtoto wa miaka miwili na mama mzee asiyeona vizuri. Maji yanapanda, na nyumba yake iko bondeni kama zenu. Mnamtazamia awe zahanati saa mbili asubuhi. Nani amembeba mama yake?

Nilisema nitarudi kwenye eneo la kwanza la mwongozo wa wauguzi duniani. Linahusu maandalizi. Na miongoni mwa mambo linaloyataka kwa kila muuguzi, wa ngazi yoyote, ni kwamba awe na mpango wa kujiandaa wa yeye binafsi na wa familia yake, pamoja na ule wa kazini. Mara ya kwanza nilipousoma nilidhani ni maneno ya kujaza ukurasa. Sasa naona waliouandika walijua wanachokifanya. Muuguzi ambaye hajui watoto wake watalala wapi usiku wa mafuriko, hata umpe vyeti kumi vya mafunzo, nusu ya akili yake itakuwa nyumbani, na pengine mwili wake wote.

Mpango huo muuguzi hawezi kuuandika peke yake. Wengi wetu tumehamishwa kutoka mbali, hatuna shangazi wala binamu hapa. Ndugu zetu ni ninyi. Hivyo ombi langu la kwanza leo ni dogo: mjueni muuguzi wenu anakaa wapi na anakaa na nani. Kamati ya zahanati inapokutana kabla ya mvua, ajenda moja iwe hiyo. Mwenye mtumbwi aseme, nitamvusha. Mama fulani aseme, watoto walete kwangu, mimi niko juu.

Katika jambo moja sisi tuna bahati kuliko watu wa Kobe. Tetemeko la ardhi halibishi hodi. Mto wetu hubisha. Mvua ikinyesha sana milimani, na mabwawa ya juu kama Masinga na Kiambere yakijaa na kumwaga, maji huchukua siku kadhaa kutufikia huku chini. Tangazo likitoka redioni, wengi wetu huanza kuhamisha magodoro na kuku, nasi tunafanya vizuri. Lakini zahanati nayo ina mambo yake ya siku hizo, na hapa ndipo maandalizi yanapokuwa hesabu tupu.

Chukua kipindupindu, ambacho hufuata mafuriko kama kivuli. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika mpaka huku kwetu. Ni ugonjwa unaoweza kumuua mtu mzima mwenye afya ndani ya saa chache, lakini ukitibiwa ipasavyo, katika kila wagonjwa 100 hafi hata mmoja. Tofauti kati ya hizo mbili ni maji. Mtu mzima wa kilo 60 aliyepoteza maji mengi mwilini huhitaji lita sita za dripu ndani ya saa tatu, na karibu lita mbili kati ya hizo ziingie katika nusu saa ya kwanza. Chupa zetu za dripu nyingi ni za nusu lita. Hesabuni wenyewe: mgonjwa mmoja, chupa 12, kabla ya chakula cha mchana. Wakija watano usiku mmoja ni chupa 60, na barabara imekatika.

Muuguzi aliyeandaliwa huifanya hesabu hii wiki ambayo maji bado yako Kiambere. Anaagiza dripu, pakiti za ORS na klorini. Anajua ni nani wa kumdunga dripu na ni nani anayeweza kunywa tu, maana wengi huweza kunywa, na akimpa kila mtu dripu kwa kuogopa, atakayekuja usiku wa manane amelegea atakuta chupa zimekwisha. Huo ndio uamuzi unaofunzwa kwa mazoezi, kwa sababu ni mgumu. Ndugu wa mgonjwa wanasimama juu yako wakisema, mbona huyu umempa maji ya kikombe na yule umemtundikia chupa? Mkiliona hilo, tafadhali msidhani anapendelea. Muulizeni, atawaeleza.

Siku hizo hizo anaandika orodha yake. Akina mama wajawazito waliokaribia kujifungua, ambao ni heri wahamie karibu na hospitali mapema. Wanaotumia dawa za kifua kikuu, ARV, sukari, presha na kifafa, kila mmoja apewe dawa za wiki kadhaa mkononi. Na daftari liingie ndani ya mfuko wa plastiki, lifungwe, litangulie kutoka kabla ya kitu kingine chochote. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanazijua nyumba hizi moja moja. Mhamasishaji akija kukuuliza unatumia dawa gani na una namba gani ya simu, anafanya kazi ya kuokoa maisha yako. Usimwambie hayamhusu.

Nimezungumza juu ya mikono ya muuguzi na nyumba yake. Limebaki sikio. Mwaka wa 2003 SARS iliingia Kanada, na watu 44 walikufa nchini humo, wakiwemo wauguzi wawili na daktari mmoja. Baada ya wimbi la kwanza kutulia, viongozi wa Toronto waliamini ugonjwa umekwisha. Lakini wauguzi wa hospitali moja waliona wagonjwa wapya wenye dalili zile zile, wakasema. Wakaambiwa si SARS. Ilikuwa SARS. Tume iliyoongozwa na jaji Archie Campbell ilichunguza mambo hayo kwa miaka kadhaa, na miongoni mwa yale iliyoyaandika ni kwamba sauti ya wauguzi hao haikusikizwa. Mimi nalichukulia hilo kuwa sehemu ya maandalizi kama zilivyo glavu. Kuna faida gani kumfundisha muuguzi kutambua hatari ikiwa ujumbe wake utaishia kwenye meza ya mtu? Wakubwa wangu wako hapa mbele, nao wanajua nawasemea wao na kujisemea mwenyewe, kwa kuwa siku hizi meza hiyo ni yangu pia.

Na sikio hilo halianzii zahanati. Mwishoni mwa 2006 Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, ikaingia hapa Tana River na kaunti nyingine, ikaua watu zaidi ya 150 nchini. Watafiti waliokwenda baadaye kuongea na wafugaji walikuta jambo la kutuaibisha kidogo sisi wenye maabara. Wafugaji walikuwa wamekwisha kuona. Waliona mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi ajabu, halafu mifugo inatupa mimba na wengine wanatokwa na damu puani. Wafugaji Wasomali wana hata neno lao la hiyo damu ya puani, sandik. Waliyaona haya yote kabla serikali haijatangaza mlipuko.

Muuguzi akimwona kijana mwenye homa kali, anaweza kufikiria malaria na kumpa dawa ya malaria. Akiwa amefunzwa kuuliza swali moja la ziada, “mifugo nyumbani iko vipi?”, mambo hubadilika. Lakini ninyi mnaweza kumjibu kabla hajauliza. Mbuzi wakitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa, msimchinje aliye mgonjwa, msiguse mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, na msinywe maziwa mabichi. Mpeni habari afisa wa mifugo, na siku hiyo hiyo piteni zahanati mmwambie muuguzi. Kama yuko peke yake na foleni ni ndefu, mwambieni hata kwa dirisha.

Katiba yetu ya 2010 iliweka huduma za afya za kaunti na usimamizi wa maafa mikononi mwa serikali ya kaunti. Kwa hivyo mkitaka kujua kama zahanati yenu imefanya zoezi mwaka huu, na chupa ngapi za dripu ziko stoo, muulizeni mwakilishi wadi wenu na mtuulize sisi wa idara. Ni haki yenu. Katika vikao vya bajeti watu huomba jengo jipya, nalo ni jambo jema, lakini sijasikia mara nyingi mtu akisimama kuomba siku mbili za zoezi kwa wauguzi wa wadi yake, ambazo zinagharimu sehemu ndogo sana ya jengo.

Katika mafunzo yale ya masizi tuliwaomba wauguzi waandike mpango wa familia zao kwenye karatasi moja. Nani atachukua watoto, nani atambeba mgonjwa wa nyumbani, mtakutana wapi simu zikikosa mtandao. Muuguzi mmoja aliandika jina la mvuvi anayekaa jirani naye, kwamba ndiye atakayemvusha mama yake. Nilimuuliza kama mvuvi huyo anajua jina lake liko pale. Akasema bado hajamwambia, alikuwa akiona haya.

Mvuvi huyo yuko hapa leo, nimemwona akiingia. Muuguzi naye yuko. Nikishuka jukwaani nitawakutanisha.